Sauti Aliyoingoja Bibi Veronika

Ipo siku moja ninayoikumbuka mara nyingi kuliko ninavyopenda, mwanangu. Nimechoka kuibeba peke yangu, kwa hiyo keti nikusimulie.

Nianze kwa kujisifu kidogo, maana sifa zangu nimezitafuta mwenyewe. Sikuwa na mjomba ofisini. Nililima ulezi, nikapanda basi kwenda Dar es Salaam, nikarudi Sumbawanga na stashahada ya upigaji picha, hiyo unayoiona ukutani, na kamera isiyo na kioo. Hapa mjini sijui nani alinitangulia kuishika. Sasa mgongo umechakaa kwa kuinamia maharusi, na vijana wa mtaani kwetu Katandala wakiniamkia shikamoo naitikia huku natafuta pa kukaa.

Aliyenifundisha kazi kabla sijaondoka ni Mzee Damiani, ambaye hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na kamera ya kioo, nzito kama tofali. Niliporudi nilikwenda studioni kwake nikamfundisha yeye, fikiria, mwalimu wangu. Nikamweleza kwamba ndani ya kamera yake kuna kioo kimeinamishwa nyuma ya lenzi, ndicho kinachomletea sura ya mtu machoni, na kila akipiga lazima kiruke juu kupisha mwanga kisha kirudi. Ndiyo maana inapiga kelele, ndiyo maana ni nene. Yangu mwanga unaingia moja kwa moja, na ukichungulia unaona runinga ndogo inayokuonyesha picha itakavyokuwa. Nyembamba, nyepesi, na kimya kabisa ukitaka. Nikampiga picha palepale mbele ya pua yake, hakusikia kitu.

Akaigeuza kamera mkononi, akanirudishia. "Na huyo unayempiga, atajuaje kwamba umemaliza?"

Nikacheka, nikamwambia hana haja ya kujua.

"Haya, msomi wetu," akasema. "Lakini mtu akikaa mbele yako, mwangalie anavyopumua."

Nilidhani ni wivu.

Julai ya mwaka uleule akanijia Skolastika, mwalimu wa shule ya msingi huko karibu na Laela. Mama yake, Bibi Veronika, alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka hospitali, na wote pale walijua maana yake. Bibi alitaka picha moja nzuri ya kuwaachia watoto. Maishani alikuwa amepigwa picha mara moja tu, na Mzee Damiani, kwenye jubilei ya parokia. Skolastika alitaka kumwita mzee yuleyule. Mimi ndiye niliyemgeuza, nikamwambia kazi kama hiyo inataka mtu aliyesoma.

Nilifika asubuhi ya baridi kali, upepo ule wetu wa Ufipa unaopita nguo. Kabla ya kazi, vijana wa nyumba ile wakaniomba wachungulie. Nikawaachia. Mmoja akasema, "Mshikaji, humu ndani kuna televisheni," nami nikavimba kichwa. Walipokezana muda mrefu. Kwenye kamera ya mzee wangechungulia hata kutwa nzima, maana kioo hakili umeme. Yangu inakula betri muda wote runinga yake inapowaka, na baridi huimaliza haraka zaidi. Hilo nilifundishwa darasani, nikafaulu mtihani wake.

Bibi Veronika akatolewa nje, kavaa kitenge cha Wawata, umoja wa wanawake Wakatoliki, na rozari shingoni, akakaa kwenye kiti. Akajinyoosha. Akafunga mdomo, akakaza macho, akazuia pumzi. Ndivyo wazee wetu wanavyokaa mbele ya kamera. Wanangoja ule mlio, na ukishalia ndipo wanarudi katika hali yao. Nikapiga, nikapiga, kimya kimya, nikijiona fundi. Kisha nikamwambia tayari.

"Bado hujapiga, mjukuu wangu," akasema. "Sijasikia."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nikazitazama zile picha. Zote uso mmoja, wa mtu anayezibwa pumzi. Nilipoinua macho, Bibi alikuwa ameanza kucheka kwa kuwa wenzake wanacheka, na uso wake ulikuwa umefunguka wote, ndio uso walioniita niupige. Nikabonyeza. Betri ilikuwa imekufa, na ya akiba nilikuwa nimeiacha studioni.

Nikaahidi kurudi Jumapili. Alifariki Ijumaa.

Picha iliyowekwa juu ya jeneza ni yangu. Skolastika aliitazama, kisha akaniambia polepole, bila hasira yoyote, "Fundi, mama hakuwa mtu wa kununa." Heri angenitukana.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa Mzee Damiani. Hakunisimanga. Alinieleza kwamba miaka yote alipiga mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kelele tu, kioo kiruke, mtu asikie, ashushe mabega. Ya pili ndiyo aliyoisafisha. Mimi nilimfanyia kazi miaka mitatu nikidhani ile ya pili ni ya tahadhari.

Mwanangu, sikuambii urudi kwenye kamera ya kioo. Mimi mwenyewe siachi yangu, na naijua kuliko wote hapa mjini. Lenzi kuukuu aliyoniachia Mzee Damiani naifunga kwenye kamera yangu kwa kipete cha kuunganishia, inapiga vizuri tu. Ila nimeiwekea mlio, na wazee nawapiga mara mbili. Ninachokuomba ni hiki: kabla hujaondoa kitu cha zamani kwa kuwa kinapiga kelele, muulize aliyekitumia ile kelele ilimsaidia nani. Muulize yeye, usimfundishe. Na ukiambiwa neno na mtu asiye na cheti, usikimbilie kusema ni wivu.

Mungu akupe macho ya kumwona mtu kabla hujakiona kifaa chako, na akupe siku ya kurudia ulichokosea. Mimi yangu ilikuwa Jumapili, na haikufika. Yako ifike.