Namna ya Kumdaka Mtu Anayeanguka

Katika banda la video la machimbo yetu, nje kidogo ya Geita, nilikuwa mtazamaji asiyependwa. Kiingilio nililipa kama wengine, ila mdomo niliuingiza bure.

Mchana mmoja shujaa wa filamu alisimamisha Fuso kwa kushika bampa. Bampa halikung'oka. Nikasema kwa sauti kwamba namtaka fundi aliyelifunga, maana la Fuso yetu ya mawe hung'oka kwenye kila tuta. Kisha mwanamke akaanguka kutoka ghorofa ya arobaini. Shujaa akamalizia kwanza mazungumzo yake na adui, ndipo akaruka na kumdaka kwa mkono mmoja, karibu kabisa na lami. Mwanamke akatabasamu. Hata nywele hazikuvurugika. Banda zima likapiga makofi.

"Makofi ya nini?" nikauliza. "Huyo kashakufa! Mkono wa chuma na lami vina tofauti gani? Anayeanguka hasimamishwi ghafla, anapunguzwa kidogo kidogo."

"Wewe, nyamaza!" akafoka shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tuliyekaa naye benchi moja. "Kila wiki mahubiri hayo hayo. Ungekuwa na akili hizo ungeshinda shimoni?"

Swali zuri. Nilishinda shimoni kweli, na yeye ndiye aliyeshika winchi yangu, ule mtambo wa kuzungushwa kwa mkono ulioniteremsha kwa kamba. Pale kwetu mtu hamwachii rafiki kamba yake. Humwachia shemeji, kwa sababu akikuangusha itabidi aende kumweleza dada yake. Sijawahi kusikia bima nzuri kuliko hiyo.

Asubuhi iliyofuata nilikaa kwenye kijiti kilichofungwa mwisho wa kamba, nikaanza kuteremka. Sijafika hata nusu, mpini wa winchi ukakatika. Nikaanguka. Sikupata nafasi ya mazungumzo kama yule shujaa. Niliogopa tu, nikamwita mama yangu.

Halafu kasi ikaanza kupungua. Ikapungua, ikapungua, mpaka miguu ikagusa maji ya chini. Goti liliteguka, basi.

Waliponitoa kwa winchi ya shimo la jirani, nilimkuta shemeji ameketi kwenye kifusi, mikono ameitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Aliikamata kamba kwa mikono mitupu, akaiacha ipite huku akiibana kidogo kidogo. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye kamba.

"Ningeibana ghafla ingekuvunja kiuno," akasema. "Si ulisema mwenyewe?"

Nilitaka kumjibu kwa utani wa mashemeji, machozi yakanitangulia.

Wiki chache baadaye tulirudi bandani. Shujaa mwingine akamdaka mwanamke mwingine, vilevile, kwa mkono mmoja. Watu wakapiga makofi. Safari hii mimi nilinyamaza. Shemeji, mikono yote miwili ikiwa na bendeji, akainuka akasimama mbele ya skrini, akawafokea wote:

"Muongo huyo! Mwambieni aonyeshe viganja!"