Mgonjwa wa Chumba cha Chiriku

Mtaani walimwita Dobi, maana kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hospitali, na mikono yake ilinuka dawa hata siku za mapumziko. Mume alishatangulia. Mtoto alijaliwa mmoja tu, fundi pikipiki, waliyempachika jina la Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Chiriku alifia gereji. Alimtania Mrefu, mtoto wa mjomba wake, utani ukapita mpaka. Mrefu akarusha spana, ikampata kisogoni. Vijana hao walikuwa wamelala kitanda kimoja tangu utotoni. Mrefu akafungwa.

Miaka ikapita, ukaja ule ugonjwa wa kukata pumzi. Gerezani watu walilala mzungu wa nne, miguu ya huyu puani kwa yule. Kifua kikuu kilikuwa kimeshamla Mrefu pafu moja, na daktari wa gereza akaomba aachiliwe akafie kwao. Wakubwa wakasema sawa, lakini kwanza aulizwe aliyefiwa.

Kaka yake Dobi, baba yake Mrefu, akaja na afisa ustawi, wote na barakoa, wakasimama kizingitini.

“Dada,” kaka akasema, “neno lako tu.”

“Atakaa wapi?”

“Kwangu kuna watoto wachanga. Mke wangu anaogopa.”

Dobi akatazama mlango wa chumba cha Chiriku. “Mleteni hapa.”

“Kwa hiyo umemsamehe, mama?” afisa akauliza.

“Nimesema mleteni.”

Mtaa mzima ukamsifu, eti ana moyo wa pekee. Laiti wangejua! Alichotaka ni kuona pumzi zikimwisha yule kijana, moja baada ya nyingine, mbele ya macho yake.

Wakamshusha garini mifupa mitupu, na mtungi wa oksijeni ubavuni. Dobi akamlisha uji, akamfulia mashuka, akangoja. Kikohozi chenyewe kilimtesa: kifupi, kifupi, kisha kirefu cha kuvuta, vilevile alivyokohoa Chiriku utotoni. Mara mbili aliitika “Abee, mwanangu” kabla hajajizuia.

Jioni moja Mrefu akamwambia, “Shangazi, ukitoka nifungie kwa nje.”

“Umezoea kufuli?”

“Hapana. Naogopa nitakimbia. Anakuja.”

“Nani?”

Mrefu akageukia ukuta. “Anakaa hapo miguuni, anavaa raba zake. Hamalizi kufunga kamba.”

Dobi akapatazama pale miguuni pa kitanda. Hakuogopa. Aliona wivu. Miaka yote hiyo alimwita mwanawe asubuhi na jioni, wala ndotoni hakumjia, kumbe anamtembelea huyu!

“Anasema nini?”

“Hasemi kitu, shangazi.”

“Chiriku? Akae kimya?”

Mrefu akalia, kilio kikageuka kikohozi, na Dobi akajikuta amemshika mgongo.

Tangu siku hiyo akitoka kazini alivuta kigoda, akaketi karibu na kile kitanda. “Amekuja?” akawa anauliza. Mrefu akimwonyesha kwa kidevu, Dobi alipasogelea pale patupu, akasimulia habari za mtaa: nani ameoa, nani amehama, gereji imepakwa rangi gani. Oksijeni ilivuma, jua likazama, na yeye anaongea.

Kifo alichokingoja hakikuja. Uji ukakaa tumboni, mashavu yakarudi, mtungi ukapelekwa kwa mgonjwa mwingine. Asubuhi moja alimkuta Mrefu ameketi kwenye ngazi, anaota jua.

“Shangazi, nimelala kama mtoto. Hakuja.”

“Labda leo.”

“Hata juzi hakuja. Nilikuona una furaha, nikashindwa kukwambia, nikawa naonyesha tu kwa kidevu.”

Dobi akabeba beseni hadi uani, akafungulia bomba mpaka mwisho ili majirani wasisikie, akalia vile ambavyo hata makaburini hakulia.

Jumapili kaka yake akaja kumchukua kijana. Mke alikuwa ameshakubali. Dobi akasimama mlangoni, mikono ameitanua huku na huku.

“Bado hajapona,” akasema.

Nyuma yake, Mrefu hakukohoa.