Kidonge na Jina la Katoo

Soipan alianza kuogopa asubuhi ile mama yake alipomwinamia.

Alikuwa kwenye cherehani yake, katika mtaa wa Noonkopir, Kitengela, akishona sare za shule, mlango wa duka ukiwa wazi ili mwanga uingie. Nalangu, mama yake, alitoka chumba cha nyuma akiwa amejitanda shuka, akasimama mbele ya cherehani na kuinamisha kichwa. Kwao mtoto ndiye humwinamia mkubwa, naye mkubwa humgusa utosini kwa kiganja, na hiyo ndiyo salamu. Soipan aliwainamia watu wazima hivyo utoto wake wote kule Mashuuru. Sasa kichwa cha mama yake, kilichonyolewa, chenye mvi zinazochipuka, kilikuwa kinaungoja mkono wake.

"Yeyo, mama, ni mimi," alisema. "Ni Soipan."

Nalangu hakuinuka. Alingoja kwa adabu ya msichana mdogo, mpaka Soipan akamgusa kwa ncha za vidole tu, kama mtu anayepima joto la pasi.

Kabla ya hapo alikuwa ameona mengine, akajifanya hayajatokea. Alimleta mama yake Kitengela baada ya majirani wa Mashuuru kumkuta akizunguka kati ya tangi la maji na nyumba yake mwenyewe, mtungi ukiwa umejaa, asijue aupeleke wapi. Timothy, mumewe Soipan, alifanya kazi katika mashamba ya nyanya huko Entarara, na alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote Soipan alikuwa peke yake na cherehani, na mama yake, na lile jina.

Jina lenyewe lilikuwa Katoo. Ndiye aliyekuwa kifungua mimba, kaka yake Soipan. Aligongwa na lori barabara ya Namanga akipeleka mbuzi mnadani, wakati Soipan bado msichana. Tangu siku ya mazishi jina lake halikutajwa nyumbani, maana kwao jina la aliyekufa huachwa lilale naye. Wanawake waliokuwa wakimwita Nalangu Mama Katoo walianza kumwita Mama Soipan, bila mtu kuwaambia. Soipan alikuwa mwimbaji wa kwaya, aliyebatizwa na kufunga ndoa kanisani, na bado ulimi wake haukuwahi kuligusa jina hilo. Kila alipofikiria kulitamka, shingo ilimsisimka, kana kwamba aliyeitwa angeitika.

Na sasa Nalangu alilitamka kila jioni. Jua lilipoelekea vilima vya Ngong alisogeza kigoda chake karibu na lango, akaita kwa sauti ya furaha, sauti ya mtu anayejua chai iko tayari: "Katoo! Katoo oi!"

Nyakio, aliyeuza viazi kibanda cha pili, hakujua kwamba anayeitwa alikufa zamani. Alikuja siku moja kuchukua sketi ya mtoto, akaegemea mlango na kumsalimu Nalangu kwa lugha yake.

"Mama Katoo, supa?"

"Ipa," Nalangu aliitika, uso ukinawiri.

"Huyu kijana wako ni mtu wa maringo sana. Kila siku unamwita na hakuji. Akikuja umwambie niko na msichana mzuri wa kumuoa, anajua kupika."

"Atakuja," Nalangu alisema. "Ameenda na mbuzi."

Futi ya kupimia ilimponyoka Soipan. Alimvuta Nyakio nje na kumweleza kwa maneno machache. Nyakio akaziba mdomo.

"Wewe! Na mimi nimekuwa nikimtania mtu aliyekufa? Soipan, mpeleke mama hospitali. Hiyo si uzee tu."

Kilichomfanya Soipan ampeleke hasa ni jambo la jioni iliyofuata. Nalangu alifungua lango na kutoka, na dereva wa bodaboda akamrudisha akiwa amemshika mkono. Alikuwa amemkuta ukingoni mwa barabara ya Namanga, mguu mmoja juu ya lami. Malori ya simenti hayapunguzi mwendo pale. "Alisema anaenda kusaidia mtu kuvusha mbuzi," kijana alieleza. Soipan alinunua kufuli, na usiku ule hakulala.

Katika kliniki moja mjini Kajiado, daktari aliyeitwa Mulei aliagiza damu ipimwe, ili ajue kama ni sukari au maambukizi. Kisha akamuuliza Nalangu maswali. Leo ni siku gani? Tuko wapi? Nalangu alijibu mengine, mengine akayatazama yakipita.

"Mama, uko na watoto wangapi?"

Nalangu alivuta shuka lake mabegani. Mulei akarudia polepole.

"Wewe unauliza watoto kama mbuzi?" Nalangu alisema. "Na hata mbuzi hatuhesabu kwa mdomo."

Mulei alicheka mpaka akavua miwani. "Sawa, mama. Hilo swali nimeliondoa." Lakini majibu ya damu yalipotoka, alimgeukia Soipan bila kucheka. Alisema si sukari wala maambukizi, ni ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu kidogo kidogo. Dawa ipo. Haiponyi. Wengine huwashikilia kwa muda, wengine haiwasaidii kitu. Ampe kidonge kimoja kila asubuhi. Anaweza kutapika au kukataa chakula, na moyo unaweza kupiga polepole kupita kiasi. Akizimia, amlete mbio.

Wiki za kwanza Nalangu alitapika chai na kulala mchana. Soipan alimshika kifundo cha mkono kila alipopita, akisikiliza mapigo, akiogopa kuwa amemnunulia mama yake kifo kwa mkono wake. Kisha kichefuchefu kikaisha. Na asubuhi moja, Soipan alipomletea uji, mkono mkavu, wenye joto, ulitua juu ya utosi wake. Kiganja kizima.

"Takwenya, Soipan," mama yake alimsalimu.

"Iko, Yeyo." Aliweka kikombe chini kabla hakijamwagika.

Jioni ile hakuna aliyeitwa langoni. Wala jioni iliyofuata. Soipan alisikiliza ukimya ule na kushukuru. Alikuwa hajafikiria ni kwa nini mama yake amenyamaza.

Ilikuwa siku ya mvua nyepesi Nalangu alipomwuliza, akitazama mikono yake.

"Ndugu yako. Hayuko, sivyo?"

Cherehani ilisimama. "Hayuko, Yeyo."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Nilikuwa msichana."

"Na mimi nimekuwa nikimwita? Kwa jina?"

Soipan aliinamisha kichwa, na hilo likawa jibu. Nalangu aliinua ncha ya shuka akaziba nayo mdomo wake, akalia humo ndani bila sauti, kana kwamba mazishi ni leo.

Tangu siku hiyo Nalangu aliuogopa mdomo wake mwenyewe. Kila asubuhi baada ya kidonge aliuliza, "Jana nilisema nini?" Nyakio alipomsalimu aliitika kwa kichwa tu. Aliomba aambiwe kama njia anayopita ni ile ile. Alijua kwamba kitu kinamjia, na alikitazama kikija. Soipan alimpigia Mulei simu.

"Dawa imemharibu, daktari. Hapo kwanza alikuwa na furaha."

"Haijamharibu. Inafanya kazi," Mulei alisema, na sauti yake haikuwa na ushindi. "Sasa anaona kile anachopoteza. Ukitaka tuache, tutaacha, lakini usiache peke yako. Njoo na yeye tuongee."

Soipan alisema atakwenda. Hakwenda. Ampe kidonge, mama yake aishi na hofu na msiba. Amnyime, mama yake acheke akielekea barabarani. Kila asubuhi alisimama na kidonge kiganjani, na kila asubuhi akampa, na Nalangu akanywa maji na kumrudishia kikombe.

Baadaye kidogo Nalangu alianza kutulia. Aliacha kuuliza alichosema jana. Soipan alidhani amezoea.

Jioni moja Soipan alikuwa akimalizia shati la shule. Alitia mkono kwenye mkebe wa vifungo, akatoa kimoja cheupe, akakiweka juu ya kitambaa na kutafuta tundu la kupitishia sindano. Hakukuwa na tundu. Alikigeuza. Ukingo wake ulikuwa umelika, umeyeyuka kidogo. Alimwaga mkebe wote mezani, na katikati ya vifungo vyeupe vya shule vikawepo vingine, visivyo na matundu, vyote vimewahi kukaa chini ya ulimi wa mtu.

Aliinua macho. Kigoda hakikuwa na mtu. Kufuli lilikuwa limening'inia wazi. Yeye mwenyewe alikuwa amelisahau baada ya kumfungulia mteja wa mwisho.

"Nyakio! Umeona mama?"

"Amepita sasa hivi! Nilidhani mko pamoja. Anaenda huko juu, anacheka."

Soipan alikimbia na futi ikiwa bado shingoni. Alimwona ng'ambo ya vibanda, shuka jekundu kwenye vumbi, akitembea kwa haraka ya msichana. Lori lilikuwa linateremka kutoka upande wa Athi River, taa zimewashwa.

"Yeyo!" Shuka halikugeuka. "Yeyo! Mama Soipan!"

Nalangu alikanyaga lami. Jina hilo halikuwa lake. Hakuna mtu wa jina hilo aliyekuwa akienda kupokea mbuzi.

Lilibaki jina moja tu ambalo mama yake angeligeukia. Soipan akapaza sauti.

"Mama Katoo!"

Mwanamke aligeuka. Alitabasamu, akarudi hatua, kama mtu aliyeitwa na jirani kwa jambo dogo, na lori likapita nyuma yake likipiga honi, upepo wake ukiinua shuka. Soipan alimfikia, akamkumbatia, akaanguka naye kwenye changarawe. Soipan alipotazama barabara iliyokuwa tupu nyuma ya lori, alitazama kama mtu anayetarajia kuona mtu mwingine ameitika.

Asubuhi aliweka kidonge mezani badala ya kukitia mkononi mwa mama yake. Mkebe wa vifungo aliuweka kando yake.

"Nimeona, Yeyo. Sitakulazimisha. Kesho tunaenda kwa Mulei, na wewe utasema. Lakini leo sijui la kufanya. Jana karibu nikukose."

Nalangu alikigeuza kidonge kwa ncha ya kidole. Uso wake ulikuwa katikati, si wa jioni, si wa asubuhi.

"Nikimeza, ananiondokea tena."

"Najua."

"Nisipomeza, namfuata."

Mama yake alikichukua, akakimeza, akafungua kinywa na kuinua ulimi ili aone, kama mtoto. Kisha akafunga kinywa, akapangusa midomo.

"Jana uliniita," alisema. "Kule barabarani. Nakumbuka."

"Ndiyo."

"Niite tena hivyo."

Soipan alitazama mlangoni, halafu langoni, kwenye kufuli lililofungwa. Shingo ilimsisimka. Akaweka mkono juu ya mkono wa mama yake, akashika kwa nguvu.

"Mama Katoo," alisema, kwa sauti ndogo.

"Naam," Nalangu aliitika.