Ukuta wa Spika na Pafu Langu la Kushoto

Jina langu ni Kizito, mtu wa Khayega, na leo ninapumua kwa mapafu yote mawili. Najua hilo si jambo la kujivunia mbele za watu. Hata kuku anapumua. Lakini kuna wakati nilimwonea kuku wivu, kwa hivyo mnivumilie nisimulie.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kawaida mwenye mwili usio wa kawaida. Mimi ni mrefu sana na mwembamba, na shuleni waliniita Mlingoti. Siku za kazi niliuza mbegu na dawa za mifugo katika agroveti pale sokoni, na magunia ya mbolea niliyabeba begani bila kuhema. Wikendi nilipiga gitaa la besi katika bendi ya roki. Ndiyo, roki, Kakamega. Watu wakisikia hivyo hucheka, halafu wakituona jukwaani wanaziba masikio na kicheko kinaisha.

Kiongozi wetu alikuwa Brayo, mpiga gitaa la solo. Brayo alikuwa ameona picha za bendi za ng'ambo zikicheza mbele ya ukuta wa amplifaya na spika, sanduku juu ya sanduku, akaapa kwamba sisi pia tutakuwa na wetu. Akampa seremala kazi ya kutengeneza masanduku ya mbao. Mwanzoni mengi yalikuwa matupu, ya kupendeza macho tu. Lakini kila alipopata spika kuukuu, kutoka kwa kanisa lililofungwa au disko iliyokufa, alijaza sanduku moja. Mwishowe ukuta wote ukawa na sauti, ukanizidi kimo hata mimi, na Brayo akaupenda kuliko alivyotupenda sisi.

Shida ni kwamba mbele ya ukuta kama huo mpiga besi hajisikii. Magitaa mengine na ngoma zinameza kila kitu, nasi hatukuwa na zile spika ndogo za kumwelekea mwanamuziki. Kwa hivyo nikajifunza kuegemea. Nilibandika mgongo kwenye sanduku la besi, na noti zikawa zinaniingia kupitia mbavu. Nikikosea, nililisikia kosa kwenye uti wa mgongo kabla halijafika sikioni. Brayo alisema besi hupigwa kwa mgongo, na sote tuliamini kwamba tumegundua ujanja mkubwa.

Alasiri moja tulicheza Bukura, mbele ya wanafunzi wa chuo cha kilimo. Katikati ya wimbo, nikiwa nimeegemea kama kawaida yangu, kitu kilinichoma chini ya bega la kushoto, kama nimedungwa msumari. Nilidhani ni msuli. Nikavuta pumzi nijinyooshe, na pumzi ikakataa kufika mwisho. Ilifika nusu ikakwama. Nikamsogelea Brayo nikamwambia kifua kinauma.

"Buda, bado ngoma mbili tu," akanijibu sikioni. "Shikilia."

Nikashikilia. Ilipofika sehemu yangu ya kuimba nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Wanafunzi walidhani ni mbwembwe za roki, wakanishangilia.

Katika kliniki ya kwanza mhudumu hakunivua hata shati. Alisikia neno bendi akaniuliza ninavuta nini. Nikamwambia sivuti chochote. Akatabasamu, akaandika nimonia. Nilimeza dawa mpaka zikaisha na hali ikawa ileile. Katika kliniki ya pili walisema huenda ni kifua kikuu, nikatema makohozi kwenye kikopo, majibu yakaja safi. Sokoni hawakusubiri majibu. Wengine walisema ni ukimwi, wengine walisema ni ule muziki wa shetani unanitoka, na mteja mmoja alikataa kupokea chenji kutoka mkononi mwangu.

Nilikonda mpaka suruali ikawa ya kufungwa kwa kamba. Sikuweza kuinua hata mfuko mdogo wa chumvi ya ng'ombe. Nililala nimekaa, mito mgongoni, jasho baridi likinitiririka. Nikijaribu kulalia ubavu wa kushoto nilisikia kitu kikitatarika ndani yangu, tak, tak, kwa kila pigo la moyo. Hilo lilinitisha kuliko maumivu. Niliogopa kufa, nasema wazi, na niliogopa zaidi kwamba nitakufa na hakuna atakayejua ni kwa nini.

Mama akaja kutoka Mautuma, ambako analima mahindi. Alileta ingokho, kuku wa kienyeji, aliyefungwa miguu, akamweka chini, akanitazama kutoka mlangoni kwa muda.

"Wewe unapumuanga kama mbuzi ya kuchinjwa," akasema. "Nani amekuona?"

"Kliniki, Mama."

"Kriniki gani hiyo? Vaa viatu."

Akanipeleka hospitali moja mjini Kakamega. Daktari alikuwa mwanamke kijana asiye na maneno mengi. Alinigonga kifua kwa vidole, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Upande wa kushoto ulilia kama debe tupu. Picha ya eksirei ilipotoka aliiinua dirishani.

"Hii nyeusi yote ni hewa iliyotoka nje ya pafu," akasema. Kisha akaonyesha kitu kidogo kando ya moyo, kama ngumi ya mtoto. "Na hili ndilo pafu lako la kushoto. Limetoboka, likasinyaa. Ulikuwa unafanya nini ilipoanza?"

Nikamweleza habari za ukuta na kuegemea. Akaishusha ile picha.

"Watu warefu na wembamba hupatwa na haya hata wakiwa wamekaa tu," akasema. "Lakini mtikisiko mkubwa wa besi karibu na kifua unaweza kupasua pafu lenye udhaifu. Siwezi kukuapia kwamba ni huo. Ila ningekuwa wewe, nisingeegemea tena."

Walinilaza, mkono wa kushoto juu ya kichwa. Wakanidunga ganzi kati ya mbavu, chini ya kwapa, kisha wakapasua. Ganzi ilifika kwenye ngozi na nyama, ndani haikufika. Nilihisi chuma kikisukuma, halafu kidole cha daktari kikiingia na kuzunguka ndani ya kifua changu, na hewa ikatoka kwa mlio kama wa tairi la baiskeli. Nililia, na sioni haya. Wakaingiza mpira wa plastiki mnene kama kidole, wakaushona kwenye ngozi, na mwisho wake wakautumbukiza ndani ya chupa yenye maji iliyokaa sakafuni. Kila nilipokohoa, chupa ilitoa mapovu. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mkata miwa mmoja aitwaye Baraza, naye ana chupa yake, kwa sababu ya kifua kikuu.

Mama alikaa kando yangu akiiangalia chupa ile. Nikiongea, inatoa mapovu. Nikicheka kidogo, inatoa mapovu. Wahudumu waliingia na kutoka na mafaili yao, na hakuna aliyemwambia ni ya nini. Mimi mwenyewe sikufikiria kumweleza. Nilikuwa nafurahia tu kuvuta pumzi iliyofika mwisho.

Mchana mmoja nilipata usingizi wa kweli, wa kwanza tangu Bukura. Niliamka nikiwa nazama. Sina neno lingine. Nilivuta hewa na hewa haikuwepo. Moyo ulikimbia, mishipa ya shingo ilijaa mpaka nikahisi ngozi inapasuka, na chumba kikaanza kuingia giza kutoka pembeni. Kupitia giza hilo nilimwona Mama ameinama juu yangu, uso wake unang'aa kwa furaha.

"Kizito, ona! Maji imetulia. Mungu amejibu."

Nilitaka kusema nikashindwa. Nilipigapiga kitanda kwa mkono. Baraza ndiye aliyeelewa.

"Sista!" akapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Sista, huyu anaenda!"

Nesi akaja mbio. Akaitazama chupa, akaona haina povu hata moja, akaufuata mpira kwa mkono mpaka chini ya blanketi. Hapo akaukuta umekunjwa na kufungwa kwa nguvu, kwa kipande kilichochanwa kutoka kwa kitambaa cha kichwa cha Mama. Akakikata kwa makasi. Chupa ikafoka kama sufuria ya chai, na mimi nikarudi.

Mama alisimama ameushika mdomo.

"Nilionanga hewa ya mtoto inatoka siku mzima," akasema. "Inatoka, inaishia kwa maji. Nikafunga ibaki."

Daktari alipofika hakumfokea. Alichuchumaa mbele yake, akamweleza polepole. "Mama, hiyo si pumzi yake. Hiyo ni hewa iliyopotea, imekaa mahali si pake, inalifinya pafu. Ikikosa kutoka, inamuua. Sisi ndio hatukukwambia. Kosa ni letu, si lako."

Mama aliitikia kwa kichwa. Lakini tangu saa hiyo hakunigusa tena. Alileta uji akauweka kwenye kiti. Kitambaa cha kujifutia alinitupia kitandani. Nilipotaka kusimama alimwita nesi anishike, naye akasimama kando, mikono nyuma. Nilimwambia sina kinyongo na wala sikuwa nacho. Alijibu, "Najua," akaangalia dirishani.

Baraza alifariki kabla sijatolewa mpira. Sauti yake iliniokoa, na sikumshukuru ipasavyo, kwa sababu siku zile kumaliza sentensi moja kulikuwa kazi. Ninamshukuru hapa.

Mpira ulipotolewa niliruhusiwa, nikaenda kupumzika Mautuma. Nilidhani yameisha. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa uani ninapukuchua mahindi, pametulia, hakuna redio wala gari, na ule msumari ukarudi palepale chini ya bega. Niliogopa safari hiyo kuliko ya kwanza. Ya kwanza nilikuwa na ukuta wa kuulaumu. Sasa nilijua udhaifu uko ndani yangu mwenyewe, na kwamba ningeweza kufa nikiwa na gunzi la mahindi mkononi.

Tukarudi kwa daktari yuleyule. Mpira ukaingia tena, mahali palepale, juu ya kovu bichi. Akasema sasa lazima pafu ligundishwe kwenye kifua ili lisisinyae tena. Dawa ya unga iliyokorogwa kwa maji ingepitishwa kwenye mpira, nami nigeuzwe kila upande ili ienee. Akanionya itauma. Nimewahi kuvunjika mkono, nayajua maumivu. Haya hayakuwa ya ukoo huo. Ilikuwa kama kumezeshwa makaa yanayowaka, yasipite kooni bali ubavuni. Nesi alinigeuza mara ya kwanza, kisha akaitwa kwa mgonjwa aliyezirai. Nikabaki na Mama.

"Mama, nigeuze."

"Ngoja sista."

"Sista yuko kwa mwingine. Nigeuze."

"Kizito, mkono yangu iliharibu."

"Naungua!" nikamfokea, mimi ambaye sikuwahi kumfokea maishani. "Mama, naungua, nigeuze!"

Akaja. Akatia mkono mmoja chini ya bega langu na mwingine kiunoni, akanipindua mzima mzima, kama anavyogeuzwa mtoto mchanga. Aliunyoosha mpira usije ukajikunja, akainama kuitazama chupa.

"Inachemka," akasema, kisha akavuta pumzi. "Wacha ichemke."

Alinigeuza mpaka dawa ikaenea, na hakumwita nesi tena.

Pafu lilishika. Bado linavuta kila siku ya baridi, na magunia ya mbolea sasa hubebwa na wengine. Bendi niliiacha. Brayo alikuja kuniona, akalia, tena machozi ya kweli. Lakini nilipomwomba aushushe ule ukuta alisema bila ukuta, wao watakuwa kwaya. Aliyechukua nafasi yangu ni mrefu kama mimi. Nilienda kumwonyesha makovu yangu, akayatazama kwa adabu, na Jumamosi iliyofuata nikaambiwa ameegemea.

Basi nawaomba nyinyi mnaopiga vyombo, msiweke kifua wala mgongo kwenye spika. Msumari ukikuchoma, shuka jukwaani wimbo ukiwa katikati. Watu watasahau wimbo. Ukipewa dawa na pumzi isirudi, usione haya kudai picha ya kifua. Na nyinyi wa hospitali, mnapomwekea mtu chupa, mwambieni mama yake ni ya nini. Ni sentensi mbili tu. Na wewe unayemuuguza mpendwa wako, uliza kabla ya kusaidia, maana mapenzi hayajui mpira unaelekea wapi.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, namshukuru Baraza aliyelala. Na namshukuru Mama. Nikimtembelea Mautuma siku hizi, haniangalii usoni kwanza. Anasimama mlangoni akinitazama kifua mpaka akione kimepanda na kushuka. Ndipo ananyoosha mkono kunisalimia.