Haramia Aliyeamkia

Kila nikikuna nazi, harufu yake hunirudisha sebuleni kwa bibi, kijijini Pongwe, tukitazama katuni ya Kiswahili. Kabla ya kumchoma nahodha mzee, haramia mwenye upanga aliinama akamkebehi: "Shikamoo, mzee."

Bibi, aliyekaa juu ya mbuzi ya nazi, akaitikia: "Marahaba."

"Bibi, huyo muuaji!" nililia, nimejibanza nyuma ya kanga yake.

"Si kaamkia? Anayeamkia bado ana kwao."

Hofu ikaniisha, nikatoka kutazama.

Leo binti yangu kajibanza mgongoni kwangu, anamwogopa haramia wa katuni nyingine. Nikamwambia tu, "Tusubiri aamkie."

Tukasubiri, haramia asiamkie. Mwishowe binti akatoka, mikono kiunoni, akaikemea televisheni: "We haramia, hujamwona mama?"