Ubao wa herufi ulivyomfanya baba aonekane mwizi wa ngano

Wakuu, wakubwa shikamooni, vijana mambo. Hili sikusimuliwa na mtu, lilitokea nyumbani kwetu, na chumvi sijatia.

Baba alikuwa dereva wa kombaini kwenye shamba la ngano la serikali, Hanang. Akina mama wa Balangdalalu walifuata nyuma ya mashine kuokota masuke yaliyobaki. Mama yangu akiwemo.

Msimu mmoja baba akaanza kuacha ngano imesimama, kila mara upande wa kushoto. Akina mama walifurahi balaa! Msimamizi akawaka: "Unamwachia mkeo makusudi!"

Baba akaapa kwamba haioni. Akapelekwa zahanati, akawekewa ubao wa herufi. Akasoma mpaka mstari wa chini kabisa, tena kwa kujidai. Nesi akaandika: macho mazima.

Hapo ndipo alipojimaliza. Kama macho ni mazima, basi anaiba. Akasimamishwa kazi.

Kinachoniuma hadi leo, hata mama aliamini. "Baba Tluway, asante kutufikiria, ila umezidisha." Baba akaacha ugali, akatoka nje.

Mjomba akatupeleka Mbulu kwa daktari wa macho. Huyu hakuhangaika na herufi. Akapima presha ya jicho, imepanda kidogo tu. Akamulika ndani, akaguna. Kisha akatundika kitambaa cheusi ukutani.

"Mzee, tazama katikati, usihamishe jicho. Ukiona kidoti cheupe, sema."

Baba kimya. Kidoti kilikuwa kinatembea kushoto muda wote, sisi tunakiona. Nilitamani nimnong'oneze.

Ni glakoma, ile watu wanaita presha ya macho. Mara nyingi inaanza kula pembeni, katikati panabaki safi. Ndiyo maana ubao haukuikamata.

Tulipotoka, baba alikuwa anacheka. "Si mmeona? Sikuiba." Kilichopotea jicho la kushoto hakirudi tena, na yeye anafurahia hilo! Mama alilia mpaka tukafika nyumbani.

Sasa mimi, maana glakoma hufuata damu. Juzi kati nimesoma herufi zote, presha ikawa ya kawaida, nikaambiwa niende zangu. Nikagoma, nikataka mshipa wa fahamu wa jicho uangaliwe na pembeni papimwe. Ilikuwepo, changa kabisa. Natumia matone.

Kwa hiyo mwenye mzazi wa hivi, ukipimwa herufi tu usitulie.

Kuna mwingine humu aliandikiwa macho mazima? Tiririkeni. Na kama mzee wako ameanza kujigonga milangoni, usimcheke, mpeleke.