Siku ya Tatu Kabla ya Idus

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, zinazokaangwa kwa mawese hunikuta kokote, na nimekaa kwingi: Uvira, Kigoma, Kasulu. Wengine inawaletea njaa. Mimi inaniletea mama yangu, kavaa kitenge cha misa siku ya kazi, kasimama mlangoni kwetu Ngagara na sahani iliyofunikwa, macho barabarani.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alifundisha Kilatini seminari moja kusini, upande wa Rumonge, na alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Wasichana wenzangu walifundishwa na baba zao kuendesha baiskeli. Mimi nilifundishwa tarehe za Waroma. Mwezi wao, alinieleza, uligongewa misumari mitatu tu: Kalendae, siku ya kwanza, Nonae, ya tano au ya saba, Idus, ya kumi na tatu au ya kumi na tano. Siku nyingine zote hazikuwa na namba zake. Zilitajwa kinyumenyume, kwa kuhesabu hadi msumari unaofuata. "Muroma haulizi ametoka wapi," alikuwa akisema, "anauliza anakwenda wapi." Nilijiona msomi kuliko padiri.

Mwezi wa Mei ikaja barua yake. Kifua kikuu kilikuwa kimemlaza. Mapadiri wangempeleka Kigali kwa gari lao, na asubuhi wangepita kwetu, dakika chache tu, atuone. Siku aliiandika kwa mtindo wetu, ili nipate raha ya kuifumbua: ya tatu kabla ya Idus za Mei.

"Ni lini hiyo?" mama aliniuliza. "We ndiye mwalimu."

"Mwezi huu Idus ni kumi na tano. Toa tatu. Tarehe kumi na mbili."

"Una hakika, mwanangu? Bosi wangu hatanipa ruhusa mara mbili."

Nilikuwa na hakika.

Tarehe kumi na mbili tulisimama mlangoni tangu alfajiri. Majirani, ambao tangu habari ya ugonjwa walikuwa wakitusalimia kwa mbali, walitutazama na kuingia ndani. Saa sita ndagala zilikuwa zimeganda mafuta. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Labda nikaombe na kesho?"

"Apana, mama. Hesabu ni hesabu. Baba ametudanganya."

Sikuwa na uchungu wa kumkosa. Nilikuwa na hasira ya kusahihishwa.

Kesho yake tulifunga mlango, yeye kazini, mimi shuleni. Jioni Bi Zuhura, mwenye duka ng'ambo ya barabara, alitufuata akihema. "Mulikuwa wapi nyinyi? Gari ya mapadiri imepiga honi mpaka basi! Mzee ameshuka na fimbo, amegonga, amegonga. Mi nilikuwa napima mchele, kutoka tu, wameshaenda."

Alifia Kigali kabla ya Kalendae za Juni. Mwaka uliofuata niliacha shule. Hesabu zilinishinda, nilisema, na hakuna aliyenibishia.

Miaka mingi baadaye, sokoni Uvira, kwenye lundo la mitumba, niliokota kitabu cha Kilatini kisicho na jalada. Nilikisoma nimekaa juu ya marobota ya nguo. Waroma walihesabu msumari wenyewe pia: Idus ni ya kwanza, jana yake ni ya pili, juzi yake ni ya tatu. Kumi na tano, kumi na nne, kumi na tatu. Baba alikuja siku aliyosema.

Nilipanda gari siku ileile kwenda kumwambia mama. Nilitegemea anipige, au anisamehe. Kwa lolote kati ya hayo nilikuwa tayari. Aliweka mikono mapajani.

"Basi," akasema, "amekufa akiamini tulimfungia mlango kwa kuogopa kifua chake."

Miaka yote ile nilikuwa nimejilaumu kwa kumkosa baba. Sikuwa nimewaza hata siku moja kilichompitia yeye kichwani, pale nje, akigonga.